Watoto Wakikupikia: Namna ya Kulikabili Jiko Lililochafuka

Mtoto anapoamua kuwapikia wazazi wake, mawazo yake yote huwa kwenye chakula, na kila kisicho chakula hukiacha kijitegemee. Hapiki huku akifuta meza kama afanyavyo mtu mzima aliyezoea, hivyo kila hatua ya mapishi huacha alama mahali ilipofanyikia. Wanangu wawili wana desturi ya kunifungia mlango wa jikoni na kupaza sauti, "Baba, usiingie bado!", na nikiruhusiwa hatimaye hukuta ute wa yai umechora mstari kutoka kwenye bakuli hadi kwenye ndoo ya taka, huku unga ukiwa umefika hata kwenye swichi ya taa, ingawa hakuna aliyekumbuka kuiwasha. Ushauri wangu kwa mzazi aliyekaribishwa mezani namna hiyo ni kwamba ale kwanza, asafishe baadaye, na asisafishe peke yake.

Hata hivyo, kuna mambo yasiyoweza kungoja. Kabla ya kuketi, hakikisha moto umezimwa, visu vimeondolewa ukingoni mwa meza, na hakuna mafuta wala vipande vya glasi sakafuni. Mafuta yaliyomwagika sakafuni yanyonywe kwa karatasi, kisha paoshwe kwa maji ya moto na sabuni, kwa sababu ukipiga deki ya kawaida unayasambaza tu, na sakafu nzima inateleza. Ukiwa bado umesimama, jaza maji baridi kwenye bakuli lililokorogewa unga na mayai. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja, na itakuokoa na kukwangua baadaye.

Nasisitiza maji baridi kwa sababu hapa ndipo wengi wetu huongeza kazi bila kujua. Wanga ulio ndani ya unga hunyonya maji ya moto, ukavimba na kuwa gundi, na protini ya yai huganda inapopata joto, kwa hiyo anayekimbilia maji ya moto huwa kama anayepika mabaki juu ya chombo. Maziwa nayo yaoshwe hivyo hivyo. Sukari iliyokauka ni kinyume chake, kwani huyeyuka upesi katika maji ya uvuguvugu, na mafuta ndiyo hasa yanayohitaji maji ya moto na sabuni, baada ya kufutwa kwa karatasi. Usiyamwage kwenye sinki, maana yakipoa hukwama ndani ya bomba na kuliziba. Unga mkavu usiguswe na kitambaa chenye maji hata kidogo kabla ya kufagiliwa, la sivyo utapaka meza uji. Sufuria iliyoungua itiwe maji hadi yafunike sehemu iliyoungua, idondoshewe sabuni kidogo, irudishwe kwenye moto mdogo hadi ichemke, kisha ikwanguliwe kwa mwiko wa mbao ikishapoa.

Mahali palipodondokewa na yai bichi au maji ya nyama paoshwe kwa sabuni kwa makini kuliko penginepo, kwa kuwa panaweza kuwa na bakteria wa kuharisha. Dawa za kuua vijidudu zishikwe na mtu mzima, na zile zenye klorini zisichanganywe kamwe na siki, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

Kuhusu kugawana kazi, mdogo huweza kufagia unga na kufuta milango ya kabati iliyo kimo chake, na mkubwa akaosha vyombo. Watafuta vibaya, bila shaka. Usirudie kazi yao wakiwa wanakutazama, na usiseme "tazameni mlichokifanya" kwa sauti ya hakimu, kwa maana aliyetoka kusifiwa kwa chakula chake hataelewa kwa nini sasa anashtakiwa kwa chakula kile kile. Mimi huwaambia tu kwamba mpishi hajamaliza kupika mpaka meza iwe kavu, nao hulipokea jambo hilo kama sehemu ya ufundi. Wazazi wengine huona afadhali kuwalaza watoto kisha wasafishe wenyewe kwa haraka. Kweli jiko litang'aa zaidi, lakini watoto wataamini kwamba vyombo hujiosha.

Sehemu kubwa ya uchafu huu inaweza kuzuiwa kabla hawajaanza. Wape sinia pana la kuweka chini ya bakuli la kukorogea, na bakuli lenyewe liwe kubwa kuliko wanavyodhani wanahitaji, kwa kuwa mtoto hukoroga kwa bega zima. Kila yai livunjiwe kwanza ndani ya kikombe, ili ganda likiangukia humo liondolewe kwa urahisi, na ndoo ya taka isogezwe hadi miguuni pa anayevunja mayai.