Mtoki uko kinenani, kingamwili zimefikaje mkononi?

SWALI: Dokta habari za kazi. Niliumia kidole cha mguu, baada ya siku mbili tatu mtoki ukavimba hapa kinenani, nikaambiwa ndo kinga inatengenezwa humo. Sasa mbona ukitaka kupimwa kingamwili wanatoa damu mkononi? Zimefikaje huko?

JIBU: Salama ndugu yangu. Ulichoambiwa ni kweli, ndani ya tezi (huo mtoki wako) seli B, aina ya chembe nyeupe za damu, zikishamtambua mdudu zinazaana (ndo maana pamevimba) na baadhi zinageuka seli plazma, hizo sasa ndo zinatema kingamwili, yaani protini za kumnasa mdudu. Zinazitema kwenye limfu, majimaji yanayokaribia kufanana na yale ya lengelenge likipasuka.

Sasa hapa ndo patamu. Kidole kiko chini tu hapo, ungedhani zitateremka moja kwa moja, lakini wapi! Mishipa ya limfu ina vali (vimilango vya njia moja), njia ni ya kupanda tu, na haina moyo wa kuisukuma, inajibanabana yenyewe na kusaidiwa na misuli ukitembea, hata ukivuta pumzi. Basi limfu inapanda tumboni, inaingia mfereji wa kifua unaopita mbele ya uti wa mgongo, mpaka chini ya shingo kushoto, nyuma ya mtulinga, inamwagika kwenye vena kubwa, mshipa unaorudisha damu moyoni. Mfaransa Jean Pecquet aliueleza mfereji huu mwaka 1651 baada ya kupasua mbwa, sisi mamalia wote tuko hivyo hivyo.

Zikishaingia kwenye damu zinapita moyoni, mapafuni, moyoni tena, ndo zinasambazwa mwili mzima, mkononi kwa sindano na kidoleni kwako pia. Yaani za kidole zimezungukia shingoni kwanza!

Na hazitulii. IgG, aina mojawapo ya kingamwili, ni ndogo, inavuja taratibu kwenye kuta za kapilari (mishipa midogo kabisa ya damu) ikaingia kwenye nyama, kisha limfu inaizoa na kuirudisha kwenye damu, kwahiyo muda wowote karibu nusu ya IgG yako iko nje ya damu. IgM, aina nyingine, ni kama kingamwili tano zilizoungana, dubwana, nyingi yake inabaki humo humo kwenye damu. IgG moja inaweza kupiga raundi kibao maana nusu ya IgG zote inachukua kama siku 21 kuisha, kuna kipokezi ndani ya seli za kuta za mishipa kinaiokoa isimeng'enywe.

Ila huo mtoki ukizidi kukua au kidole kikatoa usaha, usisubiri, kaonwe.