Zenit ya babu: anza na kuvu, mengine baadaye

Mkuu, umeuliza kama Zenit-E, ile kamera ya Kisovieti ya mkanda (filamu) uliyoachiwa na babu yako hapo Mbeya bado inafaa kupigia picha, na kama ununue nyingine za kukusanya. Mimi nazikusanya na kuzitumia kamera za mkanda hukuhuku nyanda za juu. Inafaa, ila usiifungue kwa pupa. Zungusha taratibu kitufe cha kurudishia mkanda. Kikikaza, ndani kuna mkanda wa mzee. Urudishe wote kwenye kikopo chake ndipo ufungue mgongo. Huenda ni sura za ndugu ambao hamna picha yao nyingine.

Sasa lenzi, na hapa ndipo kamera nyingi za kwetu zinapofia. Helios, yaani lenzi yake, hutoka kwa kuzungushwa. Fungua lote tundu lake la kupitishia mwanga, mulika tochi kwa nyuma, tazama kwa mbele. Ukiona nyuzi nyembamba zinatambaa kutoka pembeni, hiyo ni kuvu. Vumbi kidogo wala lisikusumbue, lakini kuvu ikishaila ile rangi ya juu ya kioo, alama haitoki hata ukisafisha. Unyevu wa Tukuyu na masika ya Mbeya ndivyo vinavyoilea. Ule mfuko wa ngozi, hata ukiwa mzuri vipi, usihifadhie kamera humo, maana ngozi hushika unyevu. Tafuta chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, utie vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Na uitoe mara kwa mara upigie picha. Kamera ya kufungiwa kabatini ndiyo inayoota kuvu.

Zenit-E haihitaji betri. Hata kipima mwanga chake cha seleniamu huendeshwa na mwanga wenyewe, ila vingi vimeshachoka, hivyo usikitegemee. Kwa mkanda wa ISO 200 (kipimo cha wepesi wake kwa mwanga) na jua kali, weka tundu 16 na spidi 250, yaani sekunde moja kwa 250. Mawingu mazito yakifunika mlima Loleza, fungua tundu hadi 5.6; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Kumbuka Helios ina pete mbili, moja ya kupanga tundu na nyingine ya kulifungua na kulifunga: ukishalenga ukiwa umefungua, funga tundu kabla ya kubonyeza.

Kusafisha mkanda wa nyeusi na nyeupe kunawezekana nyumbani kabisa. Mkanda wa HP5 kwenye D-76, dawa ya kutokeza picha, isiyozimuliwa unataka dakika 7 na nusu, nyuzijoto 20. Wenzetu wa Dar wanatafuta barafu ya kupoza dawa. Wewe mwezi Juni unapasha maji kidogo tu.

Za kukusanya, ulizia kwa wazee waliokuwa na studio za picha, na uchukue zile zisizotegemea umeme. Yashica Electro 35, kamera ya Kijapani inayotumia betri, inavutia sana, lakini betri yake ya asili ya zebaki haitengenezwi tena na mafundi wake huku ni adimu. Usitoe hela mpaka uione ikifanya kazi mbele yako.