Jiwe la milimita 7: nisubiri au livunjwe?

SWALI: Picha ya CT imeonyesha nina jiwe la milimita 7 kwenye mrija unaoshuka kutoka figo ya kushoto, karibu kabisa na kibofu. Daktari mmoja amenipa tamsulosin nisubiri, mwingine anataka livunjwe. Nimfuate nani? Kaka yangu naye ana jiwe la sentimita 2.5 ndani ya figo. Dawa hii itamfaa?

JIBU: Kwako, kusubiri kwanza kuna mantiki. Jiwe lisilofika milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe. La 5 hadi 10 ni bahati nasibu, ila lako limeshashuka. Tamsulosin ya miligramu 0.4 kwa siku hulegeza misuli ya mrija jiwe lipite, haiyeyushi chochote. Inaweza kushusha presha, basi ukiamka usikurupuke.

Subiri wiki 4 hivi, mradi dawa zinatuliza maumivu na figo zote mbili zinafanya kazi vizuri. Kojoa kupitia chujio, na jiwe likinaswa lipeleke maabara. Kujijaza maji wakati maumivu yamepamba moto hakulisukumi. Usipoliona likitoka, rudia picha hata kama maumivu yamekatika. Hapa wengi hujidanganya: jiwe linaweza kuziba kimyakimya huku figo ikiharibika.

Ukipata homa au kutetemeka, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Mkojo uliozibwa ukiingia maambukizi huua. Hapo hutolewa kwanza mkojo, kwa stenti (kijimpira chembamba kinachowekwa ndani ya mrija kuupitisha mkojo) au mpira unaopitishwa mgongoni, pamoja na antibiotiki, jiwe hungoja.

Lisipotoka, kamera nyembamba hupitishwa kwenye njia ya mkojo na leza kulisaga. Ukiwekewa stenti, usiondoke bila tarehe ya kuitoa, kwa sababu ikisahaulika hujengeka mawe juu yake. Kuvunja kwa mawimbi ya mshtuko hakuingizi kifaa mwilini, lakini huenda kukarudiwa, na hakufai kwa mjamzito wala mwenye damu isiyoganda vizuri.

Kwa kaka yako, tamsulosin haina kazi. Jiwe linalozidi sentimita 2 kwa kawaida hutolewa kwa tundu dogo mgongoni: husagwa ndani ya figo, vipande vikavutwa nje. Isipokuwa likiwa la asidi ya yuriki, ambalo huweza kuyeyushwa kwa dawa ya potasiamu sitrati, pH ya mkojo (kipimo cha uasidi wake) ikishikiliwa kati ya 6.5 na 7. Kabla hajatia saini ya upasuaji, aulize pH ya mkojo wake na ugumu wa jiwe ulivyosomeka kwenye CT.