Jibu: Mwavuli uliobandikwa foili unaweza kunasa Ku (masafa ya TV za setilaiti)?

Mkuu, unaweza, ila foili siyo tatizo. Tatizo ni umbo. Ku ya GHz 12 ina wimbi la sm 2.5, kwa hiyo uso ukipotoka zaidi ya mm 1.5 hivi, nguvu inaanza kumwagika. Kitambaa cha mwavuli kinakaa bapa kati ya ubavu na ubavu, hapo unapotoka kwa sentimita kabisa. Mwavuli wenye mbavu 16 ni afadhali kuliko wa 8.

LNB (kile kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) usiikadirie mahali pake kwa macho. Pima kipenyo cha mwavuli, kizidishe chenyewe kwa chenyewe, gawa kwa kina mara 16. Kipenyo sm 120, kina sm 20: 14,400 ÷ 320 = sm 45 kutoka katikati.

LNB ya dishi la ofseti (lile la umbo la yai, LNB yake ikikaa chini, si katikati) hapo inaona sehemu ya kati tu, kingo zinapotea bure. Tafuta yenye fidhoni (mdomo wa LNB unaokusanya mawimbi) ya dishi la duara.

Foili ikikunjamana, weka wavu wa mbu wa alumini. Wa kuku hapana: matundu yasizidi mm 2.5. Mvua ikinyesha, picha itaganda kwanza kwako kuliko kwa jirani mwenye dishi la kweli.