Gari Lako Linaongea na Trafiki Kabla Hujashusha Kioo

Gari lililobadilishwa husimamishwa zaidi ya magari mengine. Kijana anayetaka kushusha gari lake aukubali ukweli huo kabla hajamlipa fundi hata shilingi moja. Mimi naendesha Altezza iliyoshushwa, yenye rimu kubwa na egzosi tofauti na ile iliyokuja nayo kutoka Japani. Jirani yangu ana Passo nyeupe kama ilivyotoka kiwandani. Tukiondoka pamoja Mbezi kuelekea Morogoro, yeye atapungiwa mkono apite, mimi nitaelekezwa pembeni. Hilo halinikasirishi tena, na sababu yake ndiyo inayonifanya niandike makala haya, kwa kuwa vijana wengi wananiuliza napitaje bila kugombana wala kutoa hela.

Jibu langu ni kwamba ugomvi mwingi wa barabarani huanzia gereji. Dereva anafungiwa kitu asichokielewa, hana karatasi yake, hajui kinamdhuru nani, halafu anakutana na afande anayemuuliza swali la kawaida kabisa na yeye anajibu kwa hasira. Hasira ile ni ya mtu asiye na maelezo.

Nianze na taa, kwa sababu hapo ndipo namuunga mkono trafiki moja kwa moja. Balbu ya kawaida ya H4, ile ya wati 60 kwa 55, ina nyuzi mbili ndani, na bakuli la taa limetengenezwa kufuata mahali hasa nyuzi hizo zilipokaa. Ukiichomoa ukachomeka LED ya bei rahisi ya Kariakoo, chanzo cha mwanga kinahama, na bakuli halijui kwamba kimehama. Mwanga unatawanyika. Wewe unaona weupe mkali mbele ya boneti na unaamini sasa unaona mbali, kumbe aliyekuja mbele yako amepofuka kwa sekunde kadhaa akiwa mwendo wa 80, na pembeni yake kuna mtu anasukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa. Nimesafiri sana usiku kati ya Chalinze na Morogoro, na sijui kitu kinachonitisha barabarani kuliko taa hizi, hata malori mabovu hayanitishi hivyo.

Kuna jaribio ambalo halina gharama. Usiku simamisha gari mbele ya ukuta, hatua chache tu, uwashe taa za chini. Kwa nchi kama yetu inayoendesha kushoto, mwanga unapaswa kukatika kwa mstari unaoonekana na kupanda kidogo upande wa kushoto, kuelekea ukingo wa barabara. Ukiona hakuna mstari, mwanga umejaa ukuta mzima mpaka juu, toa hizo balbu kesho yake. Mwenye gari lililotengenezwa kwa ajili ya nchi zinazoendesha kulia naye apime, maana taa zake zinapandisha mwanga upande wa kulia, yaani machoni mwa anayekuja. Na ile taa ndefu ya LED ya juu ya bampa, kama unaihitaji kwa safari za porini, iwe na swichi yake peke yake, yenye rilei na fyuzi, na uifunike ukiwa mjini. Waya uliounganishwa kwa kusokotwa na selotepu ndio unaounguza magari.

Taa za nyuma zilizopakwa weusi siwezi kuzitetea hata kidogo. Kazi ya taa ile ni kumwambia bodaboda aliye nyuma yako kwamba umekanyaga breki. Vimulimuli vya rangi ya bluu na nyekundu pamoja na ving'ora sivijadili. Hivyo ni vya polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa, na raia anayevifunga anawaharibia watu wanaokimbizwa hospitali, kwa sababu madereva wameshachoka kuamini king'ora.

Tinti ina mjadala zaidi. Jua la Dar es Salaam si la kubeza, na mtu mwenye mtoto mchanga kiti cha nyuma ana haki ya kutaka kivuli. Ila magari mengi ya Kijapani yanakuja na vioo vya nyuma ambavyo vina giza tangu kiwandani. Fundi akibandika filamu juu ya kioo hicho, giza linazidi, na usiku wenye mvua huoni kitu unaporudi nyuma. Ushauri wangu: kioo cha mbele usikiguse, vioo vya mlango wa dereva na abiria wa mbele viache vionekane ndani, nyuma acha kile cha kiwandani. Nilipotoa tinti ya vioo vya mbele, mazungumzo yangu na trafiki yalibadilika mara moja. Mtu anayekukaribia akiwa haoni ndani ya gari hawezi kujua ameshika usukani nani, wala ameshika nini kingine. Woga wake ni wa haki. Ukiwa na tinti basi shusha vioo vyote vinne kabla hajafika dirishani, na kama ni usiku washa taa ya ndani.

Kushusha gari kwenyewe nitakusemea kwa ufupi: usikubali springi ikatwe kwa grainda, na kwa gesi ndiyo kabisa, maana moto unaharibu ugumu wa chuma. Nunua springi fupi zilizotengenezwa hivyo, pamoja na shokapu zinazolingana nazo, kisha upime mpangilio wa magurudumu. Matuta ya barabara ya Morogoro yatakusahihisha haraka kuliko askari yeyote. Spesa nene za kutoa tairi nje zinaumiza beringi na boliti za gurudumu.

Tairi, hata hivyo, zina jambo ambalo madereva wengi hawalijui, nalo linahusu tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupima mwendo. Dashibodi inahesabu mizunguko ya gurudumu, haipimi mwendo wa gari kwenye lami. Ukitoka tairi la 195/65 R15 ukavaa 215/70 R16 ili gari lisimame juu, kipenyo kimeongezeka kwa takriban asilimia 11. Dashibodi inakuonyesha 50 kijijini, gari linaenda kama 56, na afande mwenye tochi anakusoma 56. Utaapa kwa mama yako kwamba ulikuwa 50, na utakuwa unasema ukweli wa dashibodi yako. Nimewahi kumtetea rafiki yangu kwa dhati katika hali kama hiyo, mpaka tulipolipima gari lake kwa GPS ya simu. Kama umebadilisha kipimo cha tairi, fanya hivyo leo. Na anayependa rimu kubwa bila kuharibu hesabu, achague tairi lenye ukuta mfupi: kutoka 195/65 R15 kwenda 225/45 R17 kipenyo kinabaki karibu sawasawa, ingawa apime pia kama litakwaruza fenda.

Egzosi. Kelele za saa sita usiku Sinza ni kero kwa wagonjwa, kwa wazee na kwa watoto, na mtu anayezipiga asishangae mtaa mzima ukifurahi akikamatwa. Mafundi wengine watakushawishi utoe masega, yale yanayosafisha moshi ndani ya egzosi, wakisema gari litakuwa jepesi. Ndani ya masega kuna platinamu, paladi na rodi, madini ya thamani, na ndiyo maana wanunuzi wanayatafuta. Fundi anajua anachokichukua. Wewe unabaki na moshi unaowasha macho na taa ya injini iliyowaka dashibodi kwa sababu sensa ya pili, ile iliyo baada ya masega, haipati inachotarajia. Mimi nimebadilisha mafla ya mwisho tu, masega yangu yapo, na gari linanguruma kwa staha.

Sasa karatasi, ambazo vijana wanazidharau. Ukibadilisha rangi au injini, kadi ya gari inayotambulika TRA haifanani tena na gari lako, na hapo trafiki ana kila sababu ya kudhani limeibwa. Anza utaratibu wa kurekebisha kadi mapema. Mwenye kung'oa injini ya 1G ya Mark II akaweka ya 1JZ atunze risiti ya injini na nyaraka za ilikotoka, nakala moja iwe kwenye gari. Mweleze pia mtu wa bima, hasa kama una bima kubwa: ukiomba fidia kwa gari ambalo kampuni ilidhani ni la kawaida, unaipa sababu ya kukataa. Namba iwe ya kawaida, njano kwa gari binafsi na nyeupe kwa la biashara, bila kifuniko cheusi, bila maandishi ya kujitungia. Hizi namba za 3D zinazopendwa siku hizi zinakununulia maswali ambayo hukuyahitaji.

Ukisimamishwa, weka indiketa mapema, egesha pale ambapo afande hatagongwa, mikono ibaki kwenye usukani. Usishuke mbio na leseni mkononi kumfuata. Ukishuka kumfuata nyuma ya gari lake, wote wawili mnaonekana mnajadili bei. Salamu ni sehemu ya kazi. "Habari za kazi afande, poleni na jua." Akiwa mtu mzima kwako, shikamoo haipunguzi kitu. Mara nyingi naulizwa, "Kaka, hili gari mbona chini hivi?" Najibu kwa maneno machache: springi fupi zilizotengenezwa hivyo, shokapu zinazolingana nazo, lilipimwa, risiti hii hapa. Wengi wanaangalia tairi, wanaangalia taa, tunaagana. Wapo ambao huishia kuniuliza fundi wangu yuko wapi.

Ukiambiwa una kosa, uliza kwa upole ni kosa gani hasa. Faini ya papo kwa papo huhesabiwa kwa kila kosa, kwa hiyo makosa matatu ni faini tatu, na una haki ya kujua unaandikiwa nini. Inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa simu au benki, haiingii mfukoni mwa mtu. Ukiona hukutendewa haki, usibishane barabarani mpaka jua lizame. Andika mahali, saa, jina la askari, piga picha kibao cha mwendo au sehemu ya gari inayolalamikiwa, kisha nenda ofisini kwa RTO, yaani mkuu wa trafiki wa mkoa, au kataa kosa ukalijibu mahakamani. Kagua pia deni la faini la gari lako kwenye mfumo wa TMS wa polisi mara kwa mara, hasa kabla ya kununua gari la mkononi.

Hela ya maji usitoe. Najua inaonekana rahisi, elfu tano na safari inaendelea. Lakini Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamshika anayetoa sawa na anayepokea. Zaidi ya hilo, ukilipia taa mbovu kwa elfu tano umenunua ruhusa ya kumpofusha mtu mwingine usiku huo. Afande akikulazimisha, TAKUKURU wana namba 113, kupiga ni bure.

Kuna tabia moja ya madereva ambayo naipinga ingawa karibu wote tunaijua: kumulikiana taa kuonya kwamba mbele kuna trafiki. Tunaiona ni undugu. Lakini yule unayemmulikia humjui. Anaweza kuwa amelewa, anaweza kuwa na basi lenye abiria sitini na breki zisizoshika, anaweza kuwa ndani ya gari lililoibwa saa mbili zilizopita. Atapunguza mwendo kwa mita mia tatu, atapita, atarudi alipokuwa. Mimi namulika taa kwa ajili ya ng'ombe, ajali au lori lililoharibikia kwenye kona, basi.

Na kwa afande atakayesoma makala haya: sisi wenye magari yaliyobadilishwa hatuombi kuachwa. Tunaomba kosa liandikwe kwa jina lake. "Gari bovu" halimsaidii mtu kurekebisha kitu. Andika kwamba taa ya kulia inamulika juu, au tairi la nyuma linagusa fenda, na ukaguzi ujao utakuta limetengenezwa. Tunaomba pia tochi ikae panapoonekana, karibu na shule na vivuko, ambapo gari likipunguza mwendo mtoto anavuka, badala ya kukaa kichakani baada ya kibao kilichofunikwa na majani. Mkifyeka majani ya vibao hivyo, wengi wetu tutapunguza mwendo bila kusimamishwa na mtu.