Deni la matrekta ya jirani zetu

Ndugu mhariri, wiki hii mmeuliza kama mikopo ya mataifa makubwa ni msaada au ni kamba ya shingoni. Mi naishi Tunduma, ukivuka tu mpaka uko Nakonde, kwa hiyo nitajibu kwa habari za hawa jirani zetu Wazambia maana yaliyowakuta nimeyafuatilia miaka mingi na bado yananiuma.

Mwaka 1979 Zambia ilikopa Romania ili ipate matrekta na zana za kilimo. Shaba ndio ilikuwa kila kitu kwao na bei ilishaanguka toka 1975, hela ya kigeni hakuna, wakashindwa kulipa, riba ikajilundika mpaka kufika 1999 deni limekuwa kama dola milioni 30, na trekta la 1979 ukilitafuta mwaka huo sijui kama utakuta hata usukani. Romania wenyewe wakaona bora wapate chochote, wakawa wanaongea na Zambia wamalizane kwa kama milioni 3 hivi. Hapo katikati ikaingia kampuni inaitwa Donegal International, imesajiliwa kwenye visiwa vya British Virgin Islands, ikalinunua lile deni kwa dola milioni 3.3 hivi. Deni linauzwa jamani, kama gunia la mahindi, leo unadaiwa na serikali ya nchi rafiki, kesho unadaiwa na mtu hujawahi kumuona.

Mwaka 2003 Zambia ikasaini na hiyo kampuni kwamba italipa kama milioni 15, na humo humo ikakubali kuvua kinga yake ya kutoshtakiwa. Malipo yakakwama, kampuni ikaenda mahakamani London ikadai dola milioni 55, na mwaka 2007 hukumu ikatoka Zambia ilipe kama milioni 15.5. Mtu katoa milioni 3 kaondoka na 15. Na kumbuka ni miaka hiyo hiyo nchi tajiri zilikuwa zimeisamehe Zambia sehemu kubwa ya madeni, na Aprili 2006 serikali yao ikafuta malipo ya matibabu vijijini, mama wa kijijini anapeleka mtoto zahanati bila kutafuta hela kwanza. Yani nafuu yenyewe ndo imeanza kumfikia mwananchi, kuna mtu kashakaa pembeni na karatasi anaisubiri.

Ndio maana nasema kamba ipo, ila wengi tunaitafuta pasipo. Tunabishana deni ni trilioni ngapi, wakati mi naona nguvu ya mkopeshaji iko kwenye vipengele, deni liko kwa hela ya nani, linaweza kuuzwa kwa nani, na mkigombana mnaenda kwa hakimu wa nani. Mikataba mingi ya bondi za nchi zetu, yaani zile hati za mkopo serikali inazowauzia wawekezaji, inafuata sheria za Uingereza au za New York, kwa hiyo mwenye mahakama anakuwa na neno hata kwenye deni ambalo hakukopesha yeye.

Kuna kamba nyingine, masharti, na hii iliingia hadi jikoni. Desemba 1986 serikali ya Kaunda kwa masharti ya IMF, lile Shirika la Fedha la Kimataifa, ikaondoa ruzuku kwenye unga ule uliokobolewa, wao wanauita breakfast, sisi huku tungesema sembe, bei ikapanda zaidi ya mara mbili kwa mkupuo. Ule wa roller, dona yao, ruzuku ilibaki lakini wenye mashine hawakuwa na imani kama serikali itawalipa, ukapotea madukani. Mjomba wangu alikuwa Kitwe akifanya kazi za ujenzi, anasema siku zile watu hawakuongea siasa kabisa, walikuwa wanauliza unga uko wapi, alafu vurugu zikalipuka Copperbelt nzima, ule mkoa wa migodi ya shaba, na watu wakafa. Kaunda akarudisha ruzuku, na Mei 1987 akaachana na IMF, lakini haikupita miaka mingi akarudi kwao maana pengine pa kukopa hapakuwepo.

Watu watasema basi tukope China hawana masharti. Novemba 2020 Zambia ilishindwa kulipa riba ya bondi dola milioni 42.5, ikawaomba wenye bondi wasubiri, wakakataa, sababu mojawapo walitaka kwanza wajue Wachina wanadai kiasi gani na mikataba ile ina usiri. Makubaliano na serikali zinazodai yalipatikana Juni 2023, kupanga upya deni la dola bilioni 6.3, na kama bilioni 4 ni za benki moja tu ya China. Karibu miaka mitatu nchi inazungushwa na wadai wanaotazamana wao kwa wao!

Wacongo nao iliwakuta. Deni la laini ya umeme kutoka Inga mpaka Kolwezi, walilokuwa wanadaiwa na kampuni ya Yugoslavia ya zamani, likanunuliwa na mfuko wa uwekezaji wa Kimarekani, FG Hemisphere, ukawafukuzia mpaka kisiwa cha Jersey ukitaka mali za Gécamines, kampuni yao ya madini. Congo ilishinda 2012 kwenye rufaa, nayo ilisikilizwa London tena.

Na hata Uingereza ilipotunga sheria mwaka 2010 kuwabana hawa wanunuzi wa madeni, sheria hiyo inagusa madeni ya zamani ya nchi zilizo kwenye mpango wa kimataifa wa kusamehe madeni ya nchi maskini. Bondi ambazo Zambia iliuza 2012, 2014 na 2015 hazikuwemo. Kwa hiyo mi nikisikia kwenye taarifa ya habari nchi yetu imesaini mkopo, riba nafuu, muda mrefu, makofi, nataka mbunge wangu asimame aombe kusomewa ule ukurasa unaosema kesi itasikilizwa wapi.