Muulize Anti: Chemsha bongo ngumu, na watu wasitoroke

Shikamoo Anti. Mimi ni kijana wa Tabata, Dar. Tuna grupu letu la WhatsApp la watu kumi na nne tuliosoma sekondari pamoja, sasa hivi tumetawanyika, wengine Mwanza, wengine Mombasa, mmoja yuko Muscat na mwingine Minneapolis. Kila mwisho wa mwezi mi ndo naandaa chemsha bongo. Mara ya kwanza niliuliza mepesi watu wakasema haya ya darasa la tatu, na wengine niliona kabisa wanagugo maana jibu linakuja limenyooka kama limetoka kitabuni. Mwezi uliofuata nikasema ngoja niwakomeshe, nikatafuta maswali magumu kweli kweli, Anti, kufika swali la sita watu wakaanza kuaga mmoja mmoja, eti bando limeisha, eti mtoto analia, tukabaki watatu. Na wa Mwanza analalamika kila siku majibu anayajua ila mtandao wake unachelewa, pointi zote wanabeba wa Dar. Jumamosi ya mwisho wa mwezi hiyo inakuja, nataka iwe ngumu lakini watu wakae mpaka mwisho. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Kwanza hongera, watu kumi na nne wa sekondari mnakutana bado kila mwezi, hicho si kitu kidogo hata kidogo, kilinde.

Tatizo lako naliona hapa: ulipotaka ugumu ukaenda kutafuta vitu watu wasivyovijua. Swali ambalo mtu hana hata pa kuanzia kulifikiria halimchemshi bongo, linamwacha amekaa tu anaangalia simu, na mtu aliyekaa tu anaangalia simu lazima atakumbuka kuwa mtoto analia. Mi kipimo changu ni sauti inayotoka ukishataja jibu. Wakinyamaza, swali lilikuwa bovu hata kama lilikuwa gumu. Wakipiga kelele "aaah nilikuwa nalo mdomoni!", hilo ndo swali.

Chukua Ziwa Tanganyika. Ukiuliza kina chake ni mita ngapi, jibu ni 1,470, sasa nani anatembea na hiyo namba kichwani? Lakini uliza hivi: ziwa refu kuliko yote ya maji baridi duniani linagawanywa na nchi nne, zitaje zote. Wataanza mbio, Tanzania, Kongo, Burundi, halafu kimya. Hapo kwenye ya nne ndo watagombana, mmoja Rwanda, mwingine Malawi, mpaka mtu akumbuke meli ya Liemba ilivyokuwa inatoka Kigoma inashuka mpaka Mpulungu, na Mpulungu iko Zambia. Ramani hiyo wote mliiona darasani, kwa hiyo atakayekosa atajuta, na anayejuta hatoki kwenye grupu, anasubiri swali linalofuata alipize.

Aina nyingine naipenda sana ni ya kupanga. Wape Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo na Burundi, wapange kuanzia iliyotangulia kupata uhuru. Ni Kongo Juni 1960, Tanganyika Desemba 1961, Burundi Julai 1962, Uganda Oktoba 1962, Kenya Desemba 1963. Unatoa pointi kwa kila nchi iliyokaa mahali pake, kwa hiyo hata asiyejua zote anaondoka na mbili tatu. Ukitaka kuwatoa jasho ongeza Zanzibar, maana wengi wanakumbuka Mapinduzi ya Januari 1964 wanasahau kuwa uhuru wenyewe ulikuwa tarehe 10 Desemba 1963, siku mbili tu kabla ya Kenya.

Halafu kuna swali la ngazi, yaani unatoa dokezo moja moja na pointi zinashuka. Pointi tano: nilizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Pointi tatu: nilisoma shule ya bweni India, na mwaka 1964 familia yetu ikahamia Uingereza. Pointi moja: niliimba kwenye bendi ya Queen. Jibu ni Freddie Mercury. Raha yake ni kwamba mtu anaanza kubeti na kichwa chake mwenyewe, ajibu sasa hivi au asubiri, na akijibu mapema akakosa hana nafasi nyingine.

Usisahau na vitu ambavyo watu wanavishika kila siku hawaviangalii. Mnyama gani yuko kwenye sarafu ya shilingi 500 ya Tanzania? Ni nyati, na utashangaa watu wangapi watasema simba au tembo wakati sarafu iko mfukoni hapo hapo. Ila kwenye grupu lako hilo swali litawaonea wa Mombasa na wa Muscat, kwa hiyo ukiwauliza wabongo sarafu, wa Mombasa waulize jengo gani liko kwenye noti zote mpya za Kenya zilizotoka 2019, ni KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi. Gawa maumivu sawa kwa sawa.

Sasa kugugo. Kuwaomba watu wawe waaminifu hakusaidii, saidia swali liwe gumu kugugo. Ukiuliza urefu wa Kilimanjaro kila mtu anajua 5,895 tangu shule ya msingi. Uliza Kilimanjaro umeuzidi Mlima Kenya kwa mita ngapi, aliye karibu zaidi anachukua pointi. Mlima Kenya ni 5,199, tofauti 696, anayetaka kudanganya lazima atafute namba mbili afu atoe, na sekunde ishirini zimeshakwisha. Maswali ya sauti pia yanasaidia, soma kwa voisi badala ya kuandika, hapo hakuna cha kukopi na kupesti.

Na wa Mwanza yuko sahihi kabisa, mwanangu, msikilize. Aliyewahi kujibu ndo anapata pointi hiyo haifai mkiwa na mitandao tofauti, unakuwa unapima bando hupimi akili. Fanya hivi: kila mtu ana karatasi na kalamu, unauliza maswali kumi mfululizo wanaandika, mwisho wa raundi unasema "piga picha", wote wanapiga picha karatasi zao wanatuma kwenye grupu ndani ya dakika mbili. Hakuna cha kufuta meseji, hakuna cha kusubiri mwenzako ajibu ndo uibe, na mtandao ukichelewa dakika moja hauumizi mtu. Tena zile karatasi zenyewe ni burudani, mtu kakata jibu mara tatu, mwingine kaandika mwandiko wa daktari, mnaanza kukumbushana daftari zenu za kidato cha pili.

Mkitaka kuonana sura, akaunti ya bure ya Zoom inakata baada ya dakika 40, usiichukie hiyo, itumie, fanya raundi mbili, ikikata watu wakachukue chai, mnarudi kwa raundi ya tatu. Kamera zizimwe wakati wa maswali kuokoa bando. Na muda andika vizuri mno, "saa tatu usiku ya Dar", maana kwa wa Muscat hiyo ni saa nne usiku, na wa Minneapolis ni mchana, saa saba wakiwa kwenye majira yao ya joto na saa sita wakiwa kwenye baridi, wao saa wanazisogeza. Ukiandika saa tatu peke yake mtu aliyezoea saa za kizungu atakuja wakati mwingine kabisa.

Kwenye kila kumi, mi naweka matatu ambayo karibu wote watapata, manne ya katikati, mawili ya kuumiza, na moja la kufa mtu. Hilo la kufa mtu wote wakishindwa usitaje jibu bure. Fanya kama bibi zetu kwenye vitendawili, dai mji. "Nipeni mji!" Watakupa Mombasa, unautembea kidogo, nimefika Mombasa nimekula mahamri na mbaazi nimepunga upepo pale Lighthouse nimeshiba, ndo unataja jibu. Kushindwa kunakuwa sehemu ya mchezo, hamna anayeona aibu.

La mwisho kwako, na hili nalisema kwa uchungu. Hakiki majibu yako. Mwaka 2020 kipindi cha korona, ndugu zetu wa Nairobi na Uingereza walikuwa wamejifungia ndani, tukawa tunacheza kila Jumapili na mimi ndo muulizaji. Nikauliza mji mkuu wa Burundi, karatasi yangu imeandikwa Bujumbura, binamu yangu anayefanya biashara Kigoma akasema Gitega, nikamnyima pointi na nikamwambia asilete ubishi. Kumbe tangu 2019 makao makuu ya kisiasa ni Gitega, Bujumbura ikabaki ya biashara. Alikaa kimya jioni nzima. Nilimpigia kesho yake nikamwomba radhi, lakini ile jioni hairudi. Tangu siku ile kila swali la kitu kinachobadilika nalitazama upya siku hiyo hiyo, mfano nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wengi bado wana sita kichwani, Kongo iliingia 2022 na Somalia 2024 sasa ziko nane. Na kitu ambacho vitabu vyenyewe havikubaliani usiulize kwa namba moja, ile vita ya Waingereza na Zanzibar ya tarehe 27 Agosti 1896 wengine wanaandika dakika 38 wengine 45, wewe uliza tu ilikwisha chini ya saa moja, siku moja au wiki moja.

---

Anti mpenzi, sisi ni akina mama kumi wa chama hapa Mombasa, tunacheza maswali kwenye simu Ijumaa usiku. Mwenzetu mmoja ni mwalimu, kila wiki yeye ndiye mshindi, wengine wamekata tamaa wanasema bora tuache. Tumwambie asicheze?

Jamani msimtoe, atawakosea nini huyo? Badilisheni uwanja. Maswali yenu bila shaka ni ya vitabuni, miaka na miji mikuu. Haya leteni jikoni. Viungo vya pilau, kila kimoja ni sehemu gani ya mmea? Mdalasini ni gome la mti, wengi watapata. Pilipili manga ni tunda lililokaushwa. Tangawizi watasema mzizi, kumbe ni shina linalotambaa chini ya udongo. Karafuu sasa, karafuu ambayo mnaitia kwenye chai kila siku, nusu ya chama watasema mbegu, na jibu ni ua ambalo halijachanua, linachumwa likiwa tumba likaanikwa juani. Hapo mwalimu na asiye mwalimu wako sawa, na mwenye ndugu Pemba anaweza kuwashinda wote.

Pia chezeni wawili wawili kwa kupiga kura, wiki hii mwalimu yuko na huyu, wiki ijayo na yule. Atakuwa anaongea na mwenzake kwa simu pembeni, na yule aliyekuwa anakata tamaa atajikuta ndiye aliyetoa jibu la karafuu.

---

Salamu Anti, niko Muscat. Tunataka kila mchezaji atoe riali moja, mshindi achukue zote, watu wapate hamu. Unaonaje?

Hapana mwanangu. Pesa za wachezaji zikiingia kwenye chungu huo umeshakuwa mchezo wa kamari, wenzio wengine dini yao haiwaruhusu hawatakuambia watapotea tu kimya kimya, na sheria za hapo ulipo nazo si za kuchezea. Tena jibu moja likibishaniwa mtu hatetei tena jibu, anatetea riali, urafiki unaingia doa. Zawadi itoke kwa muulizaji na iwe ndogo, vocha ya simu inatosha, au mshindi achague jina la grupu mpaka wiki ijayo. Na mpe kazi, aliyeshinda ndo anaandaa maswali ya wiki inayofuata, halafu wewe uliyezoea kuuliza tafuta kalamu ukae na wenzio ujibu.